Kitabu Chini ya Kawa

Jumamosi, 8 Machi 2025. Siku ya saba ya Ramadhani.

Hatimaye mtaa umenihitaji!

Mzee Hasanali, aliyeuza vitambaa miaka arobaini kabla ya kufunga duka, ameigeuza sebule ya chini ya nyumba yake kuwa chumba cha kusomea. Rafu zimeshapigwa vanishi. Viti kumi na viwili. Feni mbili, moja inazunguka. Anatafutwa mkutubi, tena wa mshahara. Mimi, Mahfoudh, mwenye shahada ya fizikia, huu mwaka wa tatu nasubiri barua ya ajira. Aliponiita leo asubuhi nilidhani ananikabidhi funguo.

Nikamkuta Junaid keshakaa.

Junaid! Fundi simu wa pale kona. Elimu yake kidato cha nne. Vidole vyake vinanuka risasi ya kuunganishia nyaya. Akaniamkia kwa bashasha, jambo ambalo sikulipenda.

Mzee Hasanali akatueleza sharti lake. Kila mmoja wetu awapendekezee majirani kitabu kimoja. Muda ni wiki moja. Jumapili ijayo, baada ya Alasiri, atawakusanya majirani na kuwauliza wamefikiwa na kitabu gani na wamepata nini ndani yake. Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba utaratibu huo una kasoro tatu za kimantiki. Akasema, "Ahsante, baba," na kuangalia saa.

Junaid amechagua kitabu cha ufugaji wa kuku. Nilicheka kwa kiasi kinachoruhusiwa na saumu.

Changu kinahusu nadharia ya machafuko, kimeandikwa kwa ajili ya msomaji wa kawaida. Kurasa mia tatu na kumi na mbili. Hoja yake ni adhimu: jambo dogo mno mwanzoni huweza kuzaa jambo kubwa mno mwishoni, hata asitokee mtu wa kulitabiri. Kipepeo apige bawa hapa, tufani ivume kule. Nimekisoma kwa kiwango kinachotosha akili iliyofunzwa.

Nilipomweleza Mama, hakuuliza habari za kitabu. Alifungua kabati, akanionesha kanzu mpya aliyoishona tangu mwaka juzi kwa ajili ya siku yangu ya kwanza kazini. Akasema nshachoka, mwanangu, kuwaambia watu kuwa unasubiri barua. Nikamwambia aipige pasi.

Jumapili, 9 Machi

Jana kabla ya magharibi nilikwenda barzani kukisifu kitabu. Wasikilizaji tisa, wote wamefunga, hawana pa kwenda. Hadhira bora kabisa! Nilizungumza dakika hamsini. Nilianza na asili ya neno, nikapita kwenye milinganyo isiyo ya mstari, nikafika kwa kipepeo.

Mzee Ubwa, karani mstaafu wa bandarini, akauliza kama kipepeo huyo anaweza kuombwa alete maji, maana mferejini kwake siku ya tatu hakutoki kitu. Wakacheka. Nikamjibu kwamba swali lake halina uhusiano na mada. Mwingine akauliza kama kweli ni busara kuwasomesha watu machafuko mwaka wa uchaguzi. Nikafafanua kwamba haya ni machafuko ya kihisabati. Akasema, "Hayo ya kihisabati ndiyo huanzia kwenye kuhesabu." Nilipokuwa napanga hoja ya kumvunja, adhana ikalia. Sentensi yangu ilibaki katikati ya njia, haina mtu.

Nimetafakari usiku kucha na asubuhi yote. Hitimisho: watu wa mtaa huu hawapokei chochote kwa masikio. Wanapokea kwa sahani.

Hapa ndipo akili ilipofanya kazi! Katika Ramadhani, kila alasiri sahani zinapishana vichochoroni, zimefunikwa kawa za ukindu. Huyu ampelekea yule futari, yule amrudishie kitu, kwa kuwa sahani ya mtu hairudi tupu. Nimewahi kumweleza Mama kwamba desturi hii ni mzunguko usio na tija, kwani mwisho wa mwezi kila nyumba imekula chakula cha nyumba nyingine na hakuna aliyezidi. Alininyima sambusa siku hiyo. Sasa mzunguko huo utanibebea kitabu.

Njia nimeichora kwenye karatasi na kuiingiza ndani ya jalada: kwa Bi Khairiya, kisha kwa Bi Taramati, kisha kwa Bi Fathiya, kisha kwa Mzee Ubwa, halafu nyumbani. Nyumba nne. Nyumba ya kina Junaid nimeiruka kwa makusudi. Hakuna nafasi ya bahati.

Saa kumi na moja jioni: nimepeleka mwenyewe kwa Bi Khairiya. Sambusa sita za Mama upande mmoja, kitabu upande wa pili, kimevikwa gazeti. Juu kawa. Bi Khairiya alikuwa mwalimu mkuu wa skuli ya msingi. Neno likiingia kwake asubuhi, adhuhuri limefika mtaa wa Malindi. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba, akainua kawa, akauliza hiki kizito ni mkate wa aina gani. Nikamjibu: mkate wa akili! Akaniombea dua.

Jumatatu, 10 Machi

Sahani imerudi. Vibibi vinane!

Mama anasema vibibi ni vibibi. Mama hana mafunzo ya uchambuzi. Mtu asiyekielewa kitabu hurudisha vinne. Nane ni idadi ya mtu aliyeguswa. Tena vichapati hivyo vya mchele vilikuwa laini, vya nazi nzito, vyenye vitobo vingi vilivyosambaa bila mpangilio unaoonekana. Mwandishi angelia kwa furaha.

Nimefungua daftari la tathmini. Bi Khairiya: amekubali kwa dhati.

Nimepita dukani kwa Junaid kwa bahati (nimezunguka mtaa mara mbili ili bahati hiyo itokee). Anawauliza wateja wake wanapenda kusoma nini. Anawauliza! Daktari gani humuuliza mgonjwa anapenda dawa ipi?

Jumanne, 11 Machi

Ladu tano kutoka kwa Bi Taramati, mshonaji wa nyumba ya baraza nyekundu. Yeye hafungi, lakini tangu nizaliwe haijapita Ramadhani asituletee kitu.

Nimezichunguza. Tamu, hilo halina mjadala. Lakini za mviringo, hazina kona. Naona ameipokea hoja kwa ujumla bila kuingia kwenye pembe zake. Daftari: sifa tele, uchambuzi haba.

Mama akaniuliza nimepata alama ngapi. Nikamjibu kwamba wawili kati ya wanne wameshasilimu kwa nadharia. Akaipiga pasi kanzu.

Jumatano, 12 Machi

Kimya.

Zamu ya Bi Fathiya, na kwake hakukuja kitu. Hata kaimati! Na yeye ndiye bingwa wa kaimati wa mtaa mzima, watu huagiza kwake tangu Shaabani. Nimekaa mlangoni mpaka magharibi. Haikupita hata harufu.

Maelezo ni mawili. Ama kitabu kimemzamisha kiasi cha kusahau jiko, ama ana pingamizi na ameshindwa kulitamka. Nimeandika yote mawili. Kisha nimefuta la pili.

Alhamisi, 13 Machi

Siku ya matukio.

Kwanza: Bi Taramati ameupamba mlango wake kwa unga wa rangi kwa ajili ya sikukuu yao ya Kihindu. Nikasimama, nusura nipige kelele. Ni jani la kitabuni! Lile jani ambalo kila tawi lake ni jani zima kwa umbo dogo, na kila kitawi cha tawi ni jani tena, mpaka jicho lichoke. Amelichora upande hadi upande wa kizingiti, kijani na manjano. Akaniambia alikikuta kitabu chini ya vibibi vya Bi Khairiya, akafunua picha tu, maneno alimwachia mwenye macho. Lile jani lilimfurahisha, akalinakili kabla ya kukipeleka kwa mwenzake. Mara mbili alikosea tawi moja dogo, likaharibika jani lote. Nikamwambia huko ndiko kuisoma nadharia yenyewe. Akaniambia nisikanyage.

Pili: mihogo ya nazi kutoka nyumbani kwa Mzee Ubwa. Chumvi nyingi ajabu. Hakika ni hasira. Huyu ni mtu aliyefika sura zenye hoja kali, akakosa jibu, akaagiza mihogo. Nimeipenda jazba yake. Daftari: mpinzani mwenye staha.

Tatu: jioni nilimwona Junaid barzani na watu wamemzunguka. Walikuwepo hata wanawake, wamesimama milangoni wakisikiliza. Anazungumza taratibu, anachora hewani kwa bisibisi. Nilipita bila kusimama. Sikutaka wadhani nahitaji habari za kuku. Sikio langu lilidaka "hamira" na "pikipiki iliyoegeshwa vibaya." Nimekisia yuko kwenye sura ya chakula cha vifaranga na usafirishaji wa mayai. Wakacheka sana. Mzee Ubwa ndiye aliyecheka kuliko wote. Mtu aliyetoka kunipinga kwa chumvi!

Ni huruma. Watu wanacheka na Junaid, lakini wanafikiri pamoja nami.

Ijumaa, 14 Machi

Baada ya sala ya Ijumaa Mzee Hasanali akanishika mkono, akasema anasikia mtaa mzima unazungumza kitabu kimoja tu. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu niliokuwa nimeufanyia mazoezi. Akaongeza kwamba yeye mwenyewe ameanza kuangalia anavyoegesha gari. Sikuelewa, lakini nikasema naam, huo ndio mwanzo.

Nimetayarisha hotuba ya shukrani. Dakika ishirini. Nimemtaja Junaid kwa wema katika dakika ya kumi na tisa.

Jumamosi, 15 Machi

Balaa.

Nilikwenda kwa Mzee Ubwa kuchukua kitabu. Akasema kitabu gani. Nikamwambia kile ulichokijibu kwa mihogo. Akaniambia, "Baba, ile mihogo kaipika mjukuu wangu, ndiyo kwanza anajifunza. Hata sisi tumekunywa maji mpaka daku." Kitabu hakijafika kwake kamwe.

Nikakimbia kwa Bi Fathiya, nikasahau hata kuamkia. Akanikumbusha. Nikaamkia. Akaanza kunieleza huku akipepeta mchele, kana kwamba ni habari ya kawaida:

"Jumanne hamira ilinihini, mwanangu. Kaimati zikalala chini ya karai, bapa kama sarafu ya sumni. Nikaona haya kumpa mtu. Na sahani ya mama yake Junaid nshakaa nayo siku tatu, sahani ya maua, ya watu. Niirudishe tupu? Mimi, Fathiya? Nikatazama huku, nikatazama kule, nikakiona kitabu chako, kizima, kizuri, kina picha. Nikakiweka, nikafunika kawa."

Nikamuuliza kama hakuiona karatasi yenye njia. Akasema aliiona, akaifanya kifuniko cha chupa ya siki.

Sahani ya maua! Hamira ya Jumanne! Wiki nzima nimeandika habari za kipepeo, kumbe kitabu changu kimeangukia mikononi mwa adui kwa ajili ya kijiko kimoja cha unga usioumuka.

Nilimkuta Junaid dukani, kitabu kimefunguliwa mbele yake, kurasa amezibana kwa bisibisi mbili, pembeni simu ya mtu iko wazi matumbo nje. "Ndugu yangu," akasema, "hiki kitabu umekitoa wapi? Silali!" Anakisoma na kamusi. Kila jioni aliyoyapata mchana huwasimulia watu barzani. Zimebaki kurasa ishirini. Akaniomba nimwachie mpaka kesho. Kwa mshtuko nikakubali. Nikamwonya tu asihukumu kabla ya sura ya tisa, ambayo ndiyo nzito. Akafunua orodha ya yaliyomo, akaitazama, akanitazama. Bila shaka sura ya tisa imemtisha.

Nimetulia sasa. Fundi simu hawezi kukielewa. Na kitabu ni changu. Wakikisifu wao, wananisifu mimi.

Kanzu inaning'inia mlangoni. Nyeupe kama hukumu.

Jumapili, 16 Machi

Naandika kwa ufupi, kwa sababu za kielimu.

Viti kumi na viwili havikutosha. Mzee Hasanali akawauliza majirani. Bi Khairiya akakiri kwamba miwani yake imevunjika tangu Rajabu. Kitabu alikaa nacho siku moja akakipa heshima ya kukiweka juu ya friji. Lakini barzani amesikia yote. Akayamwaga: kwamba tatizo la dunia si kukosa kanuni. Kanuni ipo na inafuatwa, ila sisi hatuujui mwanzo wa jambo sawasawa, na kosa tulilolidharau huzaa kosa, nalo huzaa jingine. Bi Fathiya akasema mfano wa hamira ni wake, asiibiwe mtu. Mzee Ubwa akasimama akasimulia jinsi pikipiki moja iliyoegeshwa vibaya kichochoroni ilivyozuia mkokoteni wa maji, mkokoteni ukamzuia mpishi, mpishi akachelewesha futari ya harusi iliyowahishwa kwa ajili ya safari, bwana harusi akaikosa boti ya saa moja. Chumba kikavunjika mbavu. "Nami najua aliyeegesha," akasema, akimtazama Mzee Hasanali, "ingawa lile lilikuwa gari."

Kila mtu alikijua. Kitabu changu! Na kila mtu alikijua kutoka kwa Junaid.

Kisha Mzee Hasanali akatuuliza sisi wawili swali moja: sura ya mwisho inasema nini?

Nilianza mimi. Nilizungumza kuhusu nafasi ya sura za mwisho katika historia ya uandishi wa kisayansi. Nilitofautisha hitimisho na tamati. Nilifika kwenye asili ya neno. Nikasikia Mama, nyuma kabisa, akikohoa kile kikohozi chake cha kunitaka nikae.

Junaid akasema mwandishi anamaliza kwa kukiri kwamba hata yeye hawezi kutabiri kitabu chake kitafika kwa nani. Basi. Akakaa. Kisha akainuka tena, akasema kuku wake amewaweka kando, kwa sababu Jumanne alifunua kawa akakuta kitabu kilichokishinda cha kwake. Na kwamba sifa ni ya Mahfoudh aliyekichagua, yeye kazi yake ilikuwa kusoma tu.

Kunikejeli kule mbele za watu sitakusahau.

"Kusoma tu," akarudia Mzee Hasanali. "Hicho ndicho ninachokitafuta, baba." Akampa funguo.

Mama alitangulia kurudi nyumbani. Nilipofika kanzu ilikuwa imerudi kabatini. Aliniwekea futari, sambusa mbili zaidi ya kawaida, na hilo liliniuma kuliko yote.

Jumanne, 18 Machi

Kitabu kimerudi. Juu ya sahani ya maua, pamoja na mkate wa ufuta, kimefunikwa kawa. Mama yake Junaid kakileta mwenyewe.

Kando ya kurasa kuna alama za penseli, ndogo, za adabu. Maswali kwa Kiswahili. "Hapa sijaelewa, nimuulize Mahfoudh." Hapa tena. Na hapa. Nimehesabu kumi na saba.

Ukurasa wa thelathini na nane bado ipo tiketi yangu ya boti ya kutoka Dar es Salaam, siku niliyorudi na shahada. Pembeni ameandika: "Nimekuta alama yako, sikuigusa, usije ukapotea ulipofika."

Uadui wa aina hii, wa adabu, ndio hatari kuliko wote.

Nimetazama pia orodha ya yaliyomo. Sura nane. Nadhani hili ni toleo pungufu.

Alhamisi, 20 Machi

Junaid alikuja mwenyewe na pendekezo. Wanafunzi wa skuli wameanza kujaa chumbani alasiri, wana mitihani ya fizikia, naye hawezi kuwasaidia. Amemwomba Mzee Hasanali nije siku tatu kwa wiki, kwa malipo. Nilikataa papo hapo, kwa sababu za heshima, ambazo nilizitaja kwa mpangilio. Kisha nikamwona Mama, amesimama chumbani, mkono tayari uko kwenye kitasa cha kabati.

Nimekubali. Kwa muda. Kama mshauri.

Usiku nimechambua kushindwa kwangu kwa utulivu wa kisayansi. Mpango ulikuwa sahihi kila hatua. Kosa lilikuwa moja tu, nalo ni la Bi Fathiya. Kwa hiyo nimemnunulia pakiti nne za hamira mpya. Njia inayofuata nimeiandika kwa wino usiofutika, kwenye karatasi ngumu isiyofaa kuziba chupa. Nyumba ya kina Junaid nimeiruka kwa umbali wa vichochoro viwili. Kabla ya Idi kubwa mtaa utakuwa umemtambua mkutubi wake wa kweli.

Kitabu kipya kimefika leo kwa boti. Kinahusu namna watu werevu wanavyojidanganya. Kazi kubwa, nzito, ya lazima kwa kila nyumba. Nimeshaisifu kwa watu wanne, na Mzee Ubwa nimemwambia sura yake ya tano itamgusa binafsi.

Kesho, nikipata nafasi, nitakitoa kwenye nailoni.